Nuru ya Kwinini na Hararati ya Seli

Aliyepata kulazwa kwa homa akanyweshwa kwinini hausahau uchungu wake. Bali ni wachache wajuao kuwa dawa hiyo hiyo, ikiyeyushwa katika maji yenye tindikali kidogo na kuwekwa juani, hung'aa kwa rangi ya samawati, na kwamba kwa kuitazama nuru hiyo, mwaka 1852, George Stokes wa Cambridge alibainisha kuwa kuna vitu vipokeavyo miali isiyoonekana na kuirudisha kwa rangi ionekanayo, hali aliyoiita floresensi.

Zama hizo hararati ya mgonjwa ilipimwa aghalabu kwa kiganja juu ya paji la uso, kwani kipimajoto kilikuwa na urefu wa karibu futi moja na kilidai dakika 20 kwapani, hata mwaka 1866 Thomas Clifford Allbutt alipokifupisha kikawa cha inchi 6. Lakini ndani ya seli, ambamo joto lenyewe huzaliwa, hapana kipimajoto cha kioo kiwezacho kuingia.

Kilichoingia ni uzi wa molekuli. Mwaka 1968 Heskins na Guillet, huko Toronto, walieleza tabia ya polima iitwayo poli-N-isopropilakrilamidi, ambayo katika maji baridi hujinyoosha na kuyakumbatia, na yafikapo digrii 32 huyakung'uta na kujikunyata: ichovye chupa yake katika maji ya uvuguvugu, nayo huchafuka weupe kana kwamba imetiwa tui, itoe, ipoe, nayo hutakata tena. Mwaka 2003 Seiichi Uchiyama wa Japani, pamoja na de Silva wa Belfast na wenzao, waliufunga uzi huo na rangi yenye floresensi, benzofurazani, ambayo hufifia ikiguswa na maji na kuwaka yanapoondoka. Basi joto likipanda, maji hufukuzwa na nuru huzidi.

Mwaka 2012 Kohki Okabe na wenzake wa Tokyo, wakipima muda ambao nuru hudumu badala ya ukali wake, ili wingi wa polima usiwahadae, walitangaza kuwa kiini cha seli kina joto lizidilo la sehemu zilizokizunguka kwa karibu digrii moja. Miaka miwili baadaye Guillaume Baffou na wenziwe wa Ufaransa walipiga hesabu, wakaona kuwa joto la seli moja hutoroka upesi mno majini, hata tofauti hiyo ingepasa kuwa ndogo mara laki moja. Nami naegemea kwa wenye hesabu, kwani uzi ule husoma maji yaliyo kando yake, na maji ya ndani ya kiini, yaliyosongamana na protini na vinasaba, si maji ya chupa.