Kifaa cha ukingoni: ukingo wa nini?

Maji ya bomba yanayofika Kibaha, Kibamba na Kimara huchotwa Mto Ruvu na kusafishwa Mlandizi, kwenye mtambo wa Ruvu Juu. Mtambo huo ni wa mwaka 1959. Ulipopanuliwa, uwezo wake ulipanda kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196. Anayetaka kuielewa istilahi "kifaa cha ukingoni" na aanzie kwenye mtambo wa aina hii, kamusi itafuata.

Katika mitambo ya kisasa ya maji, anayewasha na kuzima pampu ni kidhibiti, yule ambaye mafundi wanamwita PLC. Husoma vihisi, hukokotoa, hutoa amri kwa pampu na vali, kisha huanza upya, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Intaneti haimhusu. Kina cha maji tangini mara nyingi humfikia kama mkondo wa umeme: miliampia 4 ni tangi tupu, 20 ni tangi lililojaa. Kwa tangi la mita 5, miliampia 12 ni mita 2.5. Mbona mkondo hauanzii sifuri? Kwa sababu sifuri imeachiwa waya uliokatika, ili fundi asidhani maji yamekwisha. Aliyewaza hivyo apewe maua yake.

Kifaa cha ukingoni ni kompyuta ndogo inayofungwa jirani na kidhibiti. Humuuliza, huchuja majibu, kisha hupeleka makao makuu yale tu yanayohitajika. Mtandao ukikatika hutunza vipimo. Ukirudi huvituma, kila kimoja na saa yake.

Lugha yao mara nyingi ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Hapa kidhibiti haanzi kuongea hata siku moja. Kifaa huomba rejista fulani, naye hujibu kwa namba tupu kati ya 0 na 65,535. Jibu likiwa 325, halisemi kama ni mita au ni nini. Lazima mtu awe amekwisha kukiagiza kifaa kigawanye kwa 100, ipatikane mita 3.25. Akisahau, skrini ya ofisini itaonyesha tangi lenye maji ya kina cha mita 325, na mashine haitashtuka. Pande hizi mbili ziliitwa bwana na mtumwa hadi mwaka 2020, shirika linaloisimamia Modbus lilipochagua mteja na mhudumu. Mimi ningesema muulizaji na mjibu. Mteja, kwetu, ni mtu mwenye hela mkononi.

Sasa "ukingoni". Neno limetoka kwa watu wa vituo vya data, ambao kwao kiwanda kiko mwisho wa mtandao. Kwa fundi wa pampu, kilicho mwisho ni hicho kituo chao. Wengine wangependa "kifaa cha pembeni", lakini hicho kitachanganywa na kipanya na printa. Ukingo una faida nyingine: ni ndugu wa kinga. Modbus ya asili haiombi nywila, na yeyote aliyeufikia waya anaweza kusoma rejista na hata kuibadili, yaani kuzima pampu. Ndiyo maana kidhibiti hafai kuunganishwa na intaneti moja kwa moja. Kifaa hukaa katikati, na kikiruhusiwa kusoma tu, amri yoyote ya kuandika inayotoka nje huishia hapo.