Kanuni Iliyoandikwa Baada ya Matokeo: Madge Syers na Ubingwa wa Dunia wa 1902

Kila mwaka ninapofundisha historia ya taasisi huwauliza wanafunzi swali moja: sheria isipomkataza mtu jambo, je, mtu huyo ameruhusiwa? Wengi hujibu haraka kwamba ndiyo. Wachache husita, na mara nyingi ni wale waliowahi kufanya kazi ofisini kabla ya kuja chuoni. Wao wanajua kwamba katika taasisi nyingi kuna mambo ambayo hayakuandikwa popote na bado kila mtu huyatii.

Leo nitalijibu swali hilo kwa mfano kutoka mahali ambapo huenda wengi wetu hatujawahi kupatazama: uwanja wa barafu wa London, mwaka 1902, katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya kuteleza kwa mitindo kwenye barafu. Nimeuchagua mfano huu kwa makusudi. Barafu iko mbali nasi, kwa hiyo hatuna upande wa kushabikia, na asiye na upande huona vizuri zaidi jinsi mchezo unavyochezwa.

Kwanza nieleze mashindano yenyewe. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa mwaka 1892 huko Scheveningen, Uholanzi. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia katika mitindo yalifanyika St. Petersburg mwaka 1896. Washindani walikuwa wanne tu, na mshindi alikuwa Mjerumani Gilbert Fuchs. Zama hizo mashindano yalikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, ya maumbo ya lazima, mshindani alitakiwa kuchora juu ya barafu, kwa chuma kilicho chini ya kiatu chake, maduara yaliyounganishwa kama tarakimu nane na maumbo mengine yaliyotokana nayo. Alichora kwa mguu mmoja, akienda mbele au kinyumenyume, kisha akarudia kuupita mstari uleule. Majaji walitazama mwenendo wa mwili, na pia mstari uliobaki kwenye barafu. Sehemu ya pili ilikuwa ya kuteleza kwa hiari, ambapo kila mmoja alionyesha ufundi wake mwenyewe. Naomba msomaji aukumbuke mstari huo uliobaki kwenye barafu, maana tutaurudia.

Kanuni za mashindano hazikusema kwamba mshindani lazima awe mwanamume. Waliozitunga hawakuona haja ya kusema. Kwao mshindani alikuwa mwanamume kama vile barafu ilivyokuwa baridi, na jambo ambalo kila mtu analichukulia kuwa la kawaida halihitaji kifungu cha sheria. Katika hali hiyo sheria hunyamaza, na mazoea hufanya kazi yake.

Florence Madeline Cave alizaliwa mwaka 1881. Aliolewa na Edgar Syers, mtelezaji na mwalimu wa mchezo huo, na akajulikana kwa jina la Madge Syers. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na mtindo wake wa kuteleza, wa kukakamaa, mikono ikiwa karibu na mwili. Kikundi cha watelezaji kiliweza kuzunguka kwa pamoja chungwa lililowekwa katikati ya barafu kama alama. Edgar alipendelea mtindo wa bara la Ulaya, uliokuwa huru zaidi katika mwendo wa mwili, na mkewe akaufuata mtindo huo. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 20, Madge aliomba kushiriki ubingwa wa dunia uliokuwa ukifanyika London.

Wahusika walirudi kwenye kanuni zao wakitafuta kifungu cha kumzuia. Hawakukipata. Wakamruhusu.

Ubingwa ulikwenda kwa Ulrich Salchow wa Sweden, mtelezaji ambaye kati ya mwaka 1901 na 1911 aliutwaa mara kumi, na ambaye jina lake mpaka leo limebaki katika mruko mmoja wa mchezo huo. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Madge Syers. Nyuma yake alikuwa Mjerumani Martin Gordan. Kwa maneno mengine, mwanamke wa kwanza kuingia katika mashindano hayo alishindwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa bingwa aliyetawala mchezo huo kwa muongo mzima.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Salchow alimpa Syers medali yake ya dhahabu, kwa kuona kwamba yeye ndiye aliyestahili. Simulizi hiyo inapendeza, na nadhani ndiyo sababu hurudiwa sana. Lakini ukarimu wa mshindi ni adabu ya mtu mmoja, na haki ni jambo la taasisi. Taasisi ilijibu kwa namna yake.

Mwaka uliofuata, 1903, mkutano mkuu wa shirikisho ulipitisha kwamba wanawake hawataruhusiwa kushiriki ubingwa huo. Sababu tatu zilitolewa. Ya kwanza ni kwamba vazi la mwanamke huwazuia majaji kuiona miguu yake. Ya pili ni kwamba jaji anaweza kujikuta akimpa alama msichana ambaye moyo wake umemwelekea. Ya tatu ni kwamba ni vigumu kuwalinganisha wanawake na wanaume.

Tuzichukue sababu hizi moja baada ya nyingine, jinsi ambavyo ofisa makini angelichukua jalada lililoletwa mezani kwake.

Hoja ya vazi haikuwa uongo mtupu. Sketi ndefu za enzi hizo zilifika chini na kuificha miguu. Lakini tiba yake ilikuwa rahisi: kuweka kanuni ya urefu wa sketi. Syers mwenyewe aliteleza kwa sketi fupi kuliko desturi ya wakati wake, iliyoacha miguu ionekane. Na tukumbuke ule mstari kwenye barafu. Mstari hauvai sketi. Majaji walioweza kuinama na kuuchunguza hawakuwa na kizuizi cha vazi.

Hoja ya moyo wa jaji ndiyo inayonishangaza zaidi kila ninapoisoma. Hatari inayotajwa ni upendeleo wa jaji. Mwenye udhaifu ni jaji, anayeweza kuvunja kiapo chake ni jaji, na mwenye kalamu ya kuandika alama ni jaji. Hata hivyo, anayefukuzwa uwanjani ni mshindani. Mtunza ghala akiwa mwepesi wa mkono hatuwafukuzi wakulima wanaoleta mahindi. Tunambadilisha mtunza ghala.

Hoja ya tatu, ya ugumu wa kulinganisha, ingekuwa na uzito kama ingetolewa mwaka 1901. Kufikia 1903 ilikuwa imekwisha kukanushwa na matokeo ya mashindano yenyewe. Majaji waliwatazama wanaume na mwanamke mmoja kwenye barafu moja, kwa maumbo yaleyale, wakawapanga kwa nafasi. Kulinganisha kuliwezekana. Kilichokuwa kigumu kukipokea ni jibu la ulinganisho ule.

Hapa ndipo tarehe inapokuwa ushahidi. Sketi zilikuwapo mwaka 1902. Majaji walikuwa na mioyo mwaka 1902. Tofauti za miili hazikuanza mwaka 1903. Jambo moja tu lilikuwa jipya kati ya mwaka ule na mwaka uliofuata: mwanamke alikuwa amesimama katika nafasi ya pili.

Nyumbani kwake mambo yalikwenda tofauti. Ubingwa wa kitaifa wa Uingereza ulianza mwaka 1903 ukiwa wazi kwa wote, na Syers aliushinda mwaka huo, akiwatangulia wanaume. Mwaka 1904 aliushinda tena, na safari hii aliyeachwa nyuma yake alikuwa mumewe, mtu aliyemfundisha. Hivyo kwa miaka miwili kulikuwa na hali isiyoeleweka: bingwa wa Uingereza katika mchezo huu hakuwa na ruhusa ya kuiwakilisha Uingereza katika ubingwa wa dunia.

Shirikisho lilipata ufumbuzi baadaye kwa kuanzisha mashindano ya wanawake peke yao. Ya kwanza yalifanyika Davos, Uswisi, mwaka 1906. Syers alishinda, akifuatiwa na Jenny Herz wa Austria na Lily Kronberger wa Hungaria. Mwaka 1907 huko Vienna watatu hao walimaliza kwa mpangilio uleule. Kisha ikaja Michezo ya Olimpiki ya London ya 1908, ambapo mchezo wa kuteleza uliingizwa kwa mara ya kwanza, miaka 16 kabla ya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Syers alichukua dhahabu ya wanawake, na pamoja na Edgar akapata shaba katika kuteleza kwa jozi.

Nataka kuwa mwadilifu hapa, kwa sababu najua wapo wasomaji watakaosema kwamba kutenganisha ndiko kulikowasaidia wanawake. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kronberger alikuja kuwa bingwa kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 1908 hadi 1911, na nyuma yake wakafuata wengi ambao huenda wasingepata nafasi katika uwanja mmoja na wanaume. Kitengo cha pekee kinaweza kuwa haki. Lakini tusichanganye mlango uliofunguliwa kwa wengi na mlango uliofungwa kwa sababu mmoja aliingia. Uamuzi wa 1903 haukuanzisha kitengo chochote, ulifukuza tu. Mashindano ya wanawake yalikuja miaka mitatu baadaye, na yalipokuja yalinyimwa jina. Ya wanaume yaliitwa ubingwa wa dunia. Ya wanawake yaliitwa mashindano ya ubingwa ya shirikisho, na hadhi ya ubingwa wa dunia walirudishiwa baadaye sana, wakati wahusika wa kwanza walikwisha kuacha kuteleza.

Syers alistaafu mapema kwa sababu ya afya na akafariki mwaka 1917, akiwa na miaka 35. Mwaka wa kifo chake wanawake wa Uingereza walikuwa bado hawajapata haki ya kupiga kura ya bunge. Sheria ya kuwapa baadhi yao haki hiyo ilipitishwa mwaka 1918.

Je, haya ni mambo ya kale tu? Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda kwa rekodi ya dunia. Magazeti yakaandika kwa kutia chumvi kuhusu wanawake walioanguka kwa uchovu, kana kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kulala chini baada ya mbio. Mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake hadi Olimpiki ya Roma ya 1960. Umbali uliosemwa kuwa unazidi nguvu za mwanamke ndio uleule ambao mwaka 2008, huko Beijing, ulimpa Pamela Jelimo dhahabu, ya kwanza ya Olimpiki kuwahi kuletwa Kenya na mwanamke. Na mwaka 1992 huko Barcelona, Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume na wanawake katika kulenga kwa bunduki visahani vinavyorushwa angani, mashindano yaliyokuwa wazi kwa wote. Olimpiki iliyofuata, ya Atlanta mwaka 1996, mashindano hayo yalikuwa ya wanaume peke yao, na ya wanawake hayakuwapo kabisa hadi Sydney mwaka 2000. Bingwa hakupewa nafasi ya kuutetea ubingwa wake.

Nirudi basi kwa wanafunzi wangu na swali lao. Ukimya wa sheria si ruhusa kamili. Ni nafasi ambayo mtu anaweza kuipitia mara moja, kabla wenye mamlaka hawajaamka na kuiziba. Kwa mwanaharakati, maana yake ni kwamba kupenya peke yake hakutoshi. Siku unapopenya ndiyo siku ya kudai kwamba haki hiyo iandikwe, maana wengine nao wameanza kuandika. Syers alikuwa na kipaji cha kushinda barafuni, lakini kanuni iliandikwa katika chumba ambamo hakuwa na kura.

Kwa mtumishi wa umma ambaye kesho ataletewa rasimu ya mwongozo mpya ili aipitie, nina ombi moja. Kabla ya kusoma sababu zilizoorodheshwa, tazama tarehe. Uliza ni nini kilitokea mwezi uliopita au mwaka uliopita, ni nani alipata nafasi ambayo haikutarajiwa awe nayo, na kama sababu hizo zilikuwapo kabla yake, kwa nini hazikumsumbua yeyote wakati ule. Kisha uliza kama adhabu imemwangukia mwenye kosa, au imemwangukia yule ambaye kuwapo kwake kulilifanya kosa la mwingine lionekane.

Mstari wa Madge Syers kwenye barafu ya London uliyeyuka siku ileile. Matokeo yalibaki kwenye karatasi: wa kwanza Salchow, wa pili Syers. Hayo hakuna mkutano mkuu ulioweza kuyafuta.