Ukwaju wa Futari na Njia ya Kwenda Masaku



Ndugu msomaji, leo ukiketi kwenye mkeka kungoja adhana ya Magharibi, hebu iangalie kidogo ile gilasi ya ukwaju iliyo mbele yako. Unajua imetoka wapi?

Mimi nilikuwa sijui. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, rafiki yangu wa Mombasa alinialika kwao siku chache za Ramadhan. Baada ya tende na maji, mama yake akaleta jagi la ukwaju wa baridi, una tangawizi kwa mbali. Nikasifu, nikasema watu wa Pwani mna mambo yenu! Yule mama akacheka, akaingia jikoni akarudi na mfuko. "Mwanangu, huu anayeniuzia sokoni huniambia unatoka kwenu Ukambani."

Kufungua mfuko, kumbe ni nthumula! Ile ile ambayo susu, yaani nyanya yangu, alikuwa akitutuma tukaokote chini ya kithumula shambani kwake. Ile ile niliyokuwa naona haya kuibeba shuleni, manake wenzangu walisema ni chakula cha mbuzi na cha watu wa njaa. Nilichokidharau kwetu, nilikuwa nakisifu ugenini.

Ndugu yangu, tuanze na jina. Waarabu waliita tunda hili tamr hindi, yaani tende ya Uhindi, na kutoka hapo Wazungu wakapata jina lao. Mpaka leo Misri na Sham hunywewa sana mwezi huu. Lakini jina lisikudanganye. Wataalamu wa mimea wanasema asili ya mkwaju ni Afrika, na Uhindi ulifika zamani sana hata ukahesabiwa wa huko. Mti wa kwetu umepewa jina la ugenini, nasi tukakubali.

Na una faida gani? Gramu 100 za nyama ya ukwaju zina sukari nyingi ya asili, ndiyo maana mtu aliyefunga hupata nguvu upesi. Zina pia potasiamu miligramu 628, magnesiamu 92, chuma karibu 3, na nyuzinyuzi gramu 5 za kusaidia tumbo. Wengi hudhani kwa vile ni mkali basi umejaa vitamini C. Sivyo, vitamini hiyo ni kidogo. Ukali wake unatokana na asidi nyingine. Loweka, kamua, chuja, tia tangawizi. Lakini usiumiminie sukari vikombe vitatu halafu ukasema unakunywa dawa! Sunna ya kufungulia ni tende au maji, ukwaju uje baadaye.

Sasa, kama tulivyosahau mti, ndivyo tulivyosahau mahali. Mara ngapi umesikia vijana wa hapa Machakos wakisema historia iko Lamu na Fort Jesus, huku kwetu hakuna kitu? Twende basi pole pole kwa njia ile ile ukwaju unayopita leo, kutoka Pwani kuja bara.

Anzia Rabai, nyuma ya Mombasa. Wakamba walikuwa na makazi huko tangu karne ya 19, kwa sababu walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu. Misafara yao ilitoka Ukambani hadi Pwani. Mmoja wao alikuwa Kivoi wa Kitui. Ni yeye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na akiwa huko Kitui Krapf akauona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 safarini kuelekea mto Tana. Kwa hiyo mtu wa bara na mtu wa Pwani walijuana kabla ya reli, kabla ya lami.

Ukipanda barabara ya Mombasa utapita Sultan Hamud, katika Kaunti ya Makueni. Sisi hushuka pale kununua matunda tu. Jina hilo ni la Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, aliyefika huko wakati reli inajengwa. Ni mangapi kati yetu tumewahi kujiuliza sultani alifuata nini nyikani?

Kisha fika Machakos yenyewe. Wazee bado wanaiita Masaku, jina la kiongozi aliyeishi hapa. Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza iliweka ngome yake hapa, na misafara ya kwenda Uganda ikawa inasimama kununua chakula. Wapagazi na askari wengi wa misafara ile walikuwa Waislamu wa Pwani, na kwa nyayo za watu kama hao Uislamu ulifika miji mingi ya bara. Nairobi ilikuwa bado kinamasi! Reli ndiyo iliyotupita kando ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakahamia huko.

Miaka hiyo hiyo Ukambani ilipigwa na njaa kubwa inayokumbukwa kama Ngomanisye. Susu alikuwa akitusimulia njaa kwa majina, kama alivyosimuliwa na wakubwa wake, na kila njaa alitaja miti iliyowaokoa watu. Kithumula hakikukosa kamwe, kwa sababu mizizi yake huenda chini sana, kinavumilia ukame. Nasi tukauita mti wa njaa kwa dharau, badala ya kuuita mti uliotuvusha.

Susu amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kithumula chake nacho hakipo, kilikatwa kikachomwa makaa. Sitamlaumu mtu. Sisi wajukuu tulikuwepo, tukala ile pesa, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuandika yale majina ya njaa. Leo nikiulizwa, nakumbuka mawili tu.

Basi ndugu msomaji, kama bado una babu au nyanya, Idi hii usiende kwake kula pilau tu. Nenda na kalamu. Muulize njia, majina, miti. Na mbegu za ukwaju wa futari usizitupe, zipande. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula mtu, ndege au mnyama kutoka kwake ni sadaka kwake. Mimi nimepanda tatu pale pale kilipokuwa kile cha susu. Miwili imeshika.

Ramadhan Karim. Wabillahi tawfiq.