Kipande cha Guka

Likizo ya Agosti ilipofika nilikuwa nimewaahidi watoto safari mbili: Mombasa, ambayo pesa zilikataa, na Karura, ambayo iliwezekana. Agosti ya Nairobi haina jua la kujivunia. Ni ukungu, sweta na chai isiyoisha kwenye thamosi. Baba yangu, ambaye watoto humwita Guka, alikuwa kwetu wiki hiyo kwa ajili ya kliniki ya macho. Nilimwambia abaki nyumbani apumzike. Akachukua kofia na bakora yake akasimama mlangoni. Nilishangaa, maana mimi na yeye tunajua kwa nini hakuwahi kuutia mguu Karura tangu msitu ule ufunguliwe kwa umma.

Tuliingia kwa lango la Limuru Road. Kila njia panda ina nguzo yenye nambari, na watoto wakaugeuza huo kuwa mchezo: anayeiona nambari kwanza anapata kipande cha nduma. Binti yangu ana miaka tisa na macho ya tai. Mdogo wake ana sita na alikuwa analia kabla hatujafika nguzo ya tatu. Guka akawa anamwonyesha kisirisiri kwa bakora.

Sehemu ya kwanza ni mikaratusi, mirefu na mikavu, imesimama kwa mistari. Watoto huidhani ndiyo msitu wenyewe. Guka aliwaambia hiyo ni miti ya wageni. Garimoshi lilifika Nairobi mwaka 1899, na injini za siku hizo zilikula kuni kama moto wa arusi. Mkaratusi hukua haraka, ndiyo maana wakoloni waliupanda kwa wingi kuuzunguka mji. Mwaka 1932 Karura ikatangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali. Miti ya asili, mihugu na mithiga, ilibaki zaidi mabondeni. Leo mikaratusi inakatwa kidogo kidogo na miche ya kienyeji inapandwa mahali pake, kazi ambayo wajukuu wa wanangu ndio watakaoiona imekamilika.

Mapangoni ndipo mwanangu alipoacha kulia. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humu baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, na mtoto wa miaka sita akiambiwa hivyo husahau uchovu wote. Aliingia na tochi ya simu yangu. Guka alibaki nje. Yeye alikuwa mtoto Kiambu wakati huo, umri kama wa huyu mdogo, watu walipofukuzwa mashambani wakarundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Babake alikuwa kizuizini. Mashamba yalipopimwa upya na kuunganishwa, wale waliokuwa kizuizini hawakuwapo kusema mpaka wao uko wapi. Babu yangu alirudi akakuta shamba lake limekuwa la mwingine, na hati imeandikwa. Sijawahi kumsikia Baba akilisimulia hili kwa zaidi ya dakika mbili. Siku hiyo pia alitumia mbili.

Nalitaja kwa sababu bila hilo yanayofuata yatamfanya aonekane mlafi tu.

Tulikula kwenye maporomoko ya maji. Binti yangu, ambaye shuleni wamesoma kuhusu Wangari Maathai, akatangaza kwamba hapa ndipo alipopigwa. Nikamsahihisha: ilikuwa kwenye mojawapo ya malango, tarehe 8 Januari 1999. Mwaka 1998 ilikuwa imegunduliwa kwamba sehemu kubwa ya msitu imegawiwa makampuni ya watu binafsi ili zijengwe nyumba za kifahari. Miti ilikuwa imeanza kuangushwa. Wangari na wenzake wa Green Belt Movement walikwenda tena na tena na miche mikononi, na Oktoba mwaka huo mitambo ya ujenzi ikateketezwa kwa moto. Siku ile ya Januari walitaka kupanda mti langoni tu, wakiwa pamoja na wabunge na waandishi wa habari. Walinzi wa kukodiwa wakawavamia kwa mijeledi, marungu na mapanga. Wangari alipasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha taarifa, na akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Ofisi kuu za shirika la UN la mazingira ziko Gigiri, pua na mdomo na msitu huu.

"Nani aliwalipa hao walinzi?" binti yangu akauliza.

"Watu waliotaka kujenga hapa."

"Watu gani?"

Nilikuwa natafuta jibu la mtoto. Guka akanitangulia.

"Watu kama mimi," alisema. "Walinzi sikuwalipa. Lakini kiwanja nilinunua."

Alikuwa mwalimu. Dalali mmoja alimwonyesha nakala ya barua ya ugawaji, akamleta kwa gari hadi kwenye jiwe la mpaka katikati ya miti, akamwambia mabwana wakubwa wamechukua ekari na ekari, na kilichobaki ni robo tu kwa watu wa kawaida. Baba alichukua mkopo wa SACCO. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilirudishwa nyumbani kwa karo mara mbili mwaka 1999, na ng'ombe wa Mama aliuzwa. Tarehe 16 Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Nchi nzima ilishangilia. Kwetu redio ilizimwa. Mkopo ule aliulipa hadi mwaka 2003, mwaka uleule Tume ya Ndung'u ilipoundwa kuchunguza ardhi ya umma iliyonyakuliwa. Dalali hakuonekana tena.

Wangari alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, Mama alikata picha yake gazetini akaibandika jikoni. Baba hakuitoa, wala hakuitazama.

Binti yangu alitafuna nduma yake kwa muda mrefu. "Kwa hiyo ulikuwa upande wa wabaya."

Nilifungua mdomo nimkemee. Baba akaninyoshea kiganja.

"Nilitaka shamba," alimwambia. "Sikuuliza lilikuwa la nani. Na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kuliko wote."

Mdogo wake alikuwa na swali tofauti: nyumba yetu ingekuwa wapi? Guka akasimama, akatazama jua lililokuwa limeanza kuchungulia, akazunguka kidogo kwa bakora yake. Macho yake hayaoni mbali sasa. Akaelekeza ng'ambo ya mto, mahali penye vichaka vizito, akasema pengine pale. Mtoto akataka kwenda kupaona. Hakuna njia ya kufika pale, nikamwambia.

"Twende basi tutafute nguzo inayofuata," Guka akasema, akamshika mkono.