Amri za Magogoni, Maneno ya Kariakoo: Siasa ya Biashara Tanzania tangu 1967

Kutoka Ikulu ya Magogoni hadi soko la Kariakoo ni mwendo usiotimia saa moja kwa miguu. Hata hivyo, katika historia ya uchumi wa Tanzania sehemu hizi mbili zimekaa mbalimbali sana. Magogoni ilitoa amri. Kariakoo ikazipa amri hizo majina. Mwanaisimu anayeyafuata majina hayo hugundua mambo ambayo takwimu za ukuaji wa uchumi huyapita kimya.

Jina lenyewe la Kariakoo ni ushahidi. Baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hilo lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na matamshi ya Waswahili yakazaa Kariakoo. Mzigo wa nguo uliofungwa kwa ajili ya mpagazi wa misafara uliitwa mtumba. Mtaa uliorithi jina la wapagazi ukaja kuwa mojawapo ya masoko ya mitumba, ingawa hakuna aliyekusudia hivyo.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa mabenki na makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza bidhaa nje, na biashara hiyo ikakabidhiwa shirika la umma lililojulikana kwa herufi za STC. Mwaka 1973 shughuli zake zikagawiwa makampuni ya mikoa, RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi vijijini na mahali pake pawe na maduka ya ujamaa. Nia ilieleweka: nchi iliyouza pamba na katani na kununua karibu kila kilichotengenezwa kiwandani haikutaka faida yote iishie kwa tabaka dogo la mawakala. Lakini duka si jengo tu. Ni ujuzi wa kujua nani anahitaji nini na lini, na ujuzi huo hautaifishwi.

Bidhaa ziliadimika, hasa baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Uganda vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta. Hapo msamiati ukachacha. Magendo, neno linaloelekea kutokana na kitenzi enda, lilikuwa jina la mali inayopita njia za kificho. Ulanguzi ulitokana na langua, yaani kununua kitu ili kukiuza tena kwa faida kubwa. Maana ambayo, ukiondoa ukubwa wa faida, ndiyo biashara yenyewe. Neno zito kuliko yote lilikuwa uhujumu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni shambulio. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako mwezi Machi 1983, watu walikamatwa kama wahujumu uchumi kabla Bunge halijaitunga sheria ya kosa hilo. Jina lilitangulia sheria. Mwuza sabuni aliyeificha chini ya kitanda akahesabiwa kuwa adui wa taifa, na rafu za maduka hazikujaa kwa sababu hiyo.

Mwaka uliofuata serikali yenyewe ililegeza kamba. Bajeti ya Juni 1984, iliyowasilishwa na Cleopa Msuya, iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilitokana na magendo yaleyale. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alionyesha jinsi ukaidi wa kimya wa watu wa kawaida wa Dar es Salaam ulivyoilazimisha dola kubadili kanuni. Hoja hiyo ina nguvu kuliko ile inayoyaona mageuzi yote kuwa matokeo ya mkataba wa Agosti 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Rais Ali Hassan Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa. Lakabu hiyo ilikuwa ya mapenzi, ila ina jambo ndani yake: ruksa hutolewa na mwenye mamlaka, na anayeitoa anaweza kuirudisha. Soko lililoitwa huria lilitamkwa kwa lugha ya kuomba.

Mitumba iliwavika maskini, lakini viwanda vya nguo, ambavyo tayari vilikuwa hoi kwa uhaba wa umeme na vipuri, vilipata mshindani mkali. Wakuu wa Afrika Mashariki walipoazimia mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuwanyima nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa mavazi. Tanzania ilirudi nyuma.

Mlanguzi wa jana sasa ni mjasiriamali. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na usajili wa stoo, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza hadharani na kuamuru kikosi kazi cha kodi kisitishe shughuli zake sokoni humo. Kikosi, kama ile Corps ya mwaka 1916, ni neno la jeshi.