Siri ya Mtungi: Uzinzi, Vitisho na Ushahidi wa Watumishi kutoka Tsavo hadi The Macomber Affair

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya kisa kimoja cha uzinzi na vitisho ambacho kilizaliwa katika nyika ya Kenya, kikapita katika midomo ya wawindaji, kikaandikwa kuwa hadithi fupi nchini Marekani, na hatimaye kikageuzwa kuwa filamu ya taharuki mwaka 1947. Filamu hiyo ni The Macomber Affair, iliyoongozwa na Zoltan Korda kutokana na hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936. Wahakiki wengi wameijadili hadithi hiyo kwa kuuliza swali moja: je, mke alimpiga mumewe risasi kwa makusudi au kwa bahati mbaya? Sisi tunanuia kuuliza swali jingine: ni nani waliokuwapo na kuona, na kwa nini hawakuulizwa?

Waswahili husema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii ndiyo tutakayoitumia kama kipimo cha uhakiki. Dai letu ni kwamba kila kisa cha uzinzi na vitisho hutegemea mtu wa tatu anayejua, na kwamba katika visa vya safari za Wazungu mtu huyo alikuwa mtumishi Mwafrika aliyeongea Kiswahili. Alikuwa kata iliyozama mtungini kila siku. Jinsi fasihi na filamu zilivyomtumia, au zilivyomnyamazisha, ni suala la historia kabla ya kuwa suala la fani.

2. Tsavo, 1898: Shahidi Mmoja

Hatuna budi kuanzia relini. Mnamo Machi 1898 Luteni Kanali J. H. Patterson aliwasili Tsavo, takriban kilomita 50 kaskazini-magharibi mwa Voi, ili kusimamia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda juu ya Mto Tsavo. Kisa cha simba wawili waliowala wafanyakazi kinajulikana kila mahali, na mtoto wa shule katika Taita Taveta hukisikia mapema. Patterson aliwaua simba hao mnamo Desemba 1898. Mwaka 1907 alichapisha kitabu The Man-Eaters of Tsavo, na miaka ya 1920 ngozi za simba hao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ambako wamehifadhiwa.

Jambo linalotuhusu hapa si ushujaa wa mwindaji bali hesabu ya waliokufa. Katika kitabu chake Patterson anataja Wahindi 28, na kuongeza kwamba Waafrika waliouawa walikuwa wengi ila hapakuwekwa kumbukumbu yoyote rasmi juu yao. Katika kijitabu alichokiandikia jumba la makumbusho mwaka 1925, idadi ilikuwa imepanda hadi 135. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulichunguza kemikali zilizomo katika nywele na mifupa ya simba wenyewe, ulikadiria kwamba watu walioliwa walikuwa takriban 35.

Tofauti hii haitoshi kumwita mtu mwongo. Wapo waliouawa bila kuliwa, na pia hofu ina hesabu yake. Lakini inafunza jambo la msingi. Tsavo ilikuwa na mashuhuda mamia: makuli wa Kihindi, Waswahili wa pwani, na wenyeji wa nyika na wa vilima vya Taita. Shahidi aliyeandika alikuwa mmoja. Alipotaka kupanua idadi, hapakuwa na rejista ya kumzuia, kwa sababu majina ya Waafrika waliokufa hayakuwahi kuandikwa. Tangu mwanzo, basi, masimulizi ya Tsavo yalijengwa juu ya mgawanyo wa kazi: wengi huona, mmoja husimulia.

3. Hema la mwaka 1908

Miaka kumi baadaye shahidi huyohuyo alijikuta akishuhudiwa. Mwaka 1907 Patterson aliteuliwa kuwa mkuu wa uhifadhi wa wanyama katika Himaya ya Afrika Mashariki. Mapema mwaka 1908 aliongoza msafara kuelekea kaskazini, akifuatana na Mwingereza Audley Blyth na mkewe, Ethel. Blyth alifariki safarini kwa risasi, akiwa hemani mwake. Patterson alimzika nyikani, na badala ya kurudi katika kituo cha karibu ili kutoa taarifa, aliendelea na safari pamoja na mjane. Baadaye wawili hao walirejea Uingereza. Minong'ono ya uzinzi na hata ya mauaji ilienea Nairobi na London, na suala hilo likajadiliwa katika Bunge la Uingereza mwaka 1909. Patterson hakushtakiwa kamwe, lakini uvumi ulimwandama kwa miaka mingi.

Je, nani alijua yaliyotokea? Watu wa msafara. Ushahidi uliokusanywa ulionyesha kwamba mlio wa risasi uliposikika Patterson hakuwamo hemani, na kwamba aliyekuwamo ni mke wa marehemu, ambaye alitoka mbio akipiga mayowe. Hapa tunakutana na kinaya ambacho hakijazingatiwa vya kutosha. Msafara kama huo ulikuwa wa wapagazi, askari na watumishi, na ushahidi wa kambini ndio uliomwondolea Patterson lawama ya kufyatua bunduki. Hata hivyo mazungumzo ya vilabuni yaliupuuza, kwa kuwa katika vilabu neno la mpagazi halikuwa na uzito. Watu walipendelea kukisia kuliko kuuliza.

Hali kadhalika, hatupaswi kujidanganya kwamba ushahidi wa aina hiyo ulikuwa huru. Mpagazi aliyehojiwa na afisa wa serikali juu ya bwana ambaye naye ni afisa wa serikali alijua vyema gharama ya kila neno. Kuhojiwa si sawa na kusikilizwa. Tunalosema ni kwamba ushahidi wa mtumishi ulikuwa na thamani pale ulipomwokoa bwana, na ukakosa thamani pale ambapo ungeweza kumhukumu. Kanuni hii ndiyo tutakayoikuta tena, karibu bila mabadiliko, katika hadithi ya Hemingway.

4. Hadithi ya mwaka 1936: Ngazi ya Vitisho

Hemingway aliteremka Mombasa Desemba 1933 na kusafiri kwa gari moshi kwenda Nairobi, akipita Voi na kuvuka Tsavo juu ya reli ileile. Kiongozi wake wa uwindaji alikuwa Philip Percival, mlowezi aliyeyajua masimulizi ya wawindaji wa kale, na wahakiki wengi wanaamini kwamba kutoka kwake ndiko Hemingway alikopata kisa cha Patterson na Blyth. Hadithi ya "The Short Happy Life of Francis Macomber" ilitoka Septemba 1936 katika jarida la Cosmopolitan.

Muhtasari wake ni huu. Tajiri Macomber anamkimbia simba aliyejeruhiwa mbele ya mkewe Margaret na mwindaji Wilson. Usiku huo mke anakwenda katika hema la Wilson. Siku ya pili Macomber anapata ujasiri katika kuwinda nyati, na palepale anapigwa risasi ya kichwa na mkewe, ambaye pengine alikuwa akimlenga nyati.

Ukiuchunguza muundo wa hadithi hii utaona kwamba ni ngazi ya vitisho. Mume anashikiliwa na uzuri wa mke, na mke anashikiliwa na mali ya mume. Ndoa yenyewe ni mapatano ya watu wawili wenye kuumizana. Kisha Wilson anawafukuza nyati kwa gari, jambo lililokatazwa na sheria, na mke anadokeza kwamba Nairobi wakisikia mwindaji atapoteza leseni. Mume anafurahi kuona kwamba sasa mkewe ana kitu cha kumshikia Wilson. Risasi inapofyatuka, ngazi inapinduka: sasa Wilson ndiye mwenye siri ya mke, na anaitumia kumnyenyekeza hadi anasihi.

Lakini chini ya ngazi hiyo wamesimama watu ambao mhakiki hupita bila kuwasalimu. Watumishi wa kambi wote wanajua kwamba bwana mkubwa alikimbia. Mmoja wao anapomtazama Macomber kwa udadisi mezani, Wilson anamkaripia kwa Kiswahili, na Macomber, asiyejua lugha, analazimika kuuliza kilichosemwa. Anaambiwa kwamba mtumishi ametishiwa viboko. Anapouliza kama viboko ni halali, Wilson anakiri kwamba si halali, na kwamba watumishi wangeweza kushtaki lau wangetaka, ila wao huona afadhali viboko kuliko kukatwa mshahara.

Kifungu hiki kifupi ndicho ufunguo wa hadithi nzima. Siri ya kwanza ya Wilson, iliyotangulia uzinzi na gari, iko mikononi mwa watumishi. Wanayo nguvu ileile anayoitumia Margaret, lakini hawaitumii, na Hemingway hatuambii kwa nini isipokuwa kwa kinywa cha mwenye kiboko. Kiswahili chenyewe kimefanywa pazia: ni lugha ya amri ambayo msomaji wa Marekani haelezwi maneno yake, na ambayo watu wa kambini hawasikiki wakiitumia kusema walionalo. Mbeba bunduki mzee anaitwa Kongoni, jina la mnyama. Mwishoni Wilson anamhakikishia mjane kwamba uchunguzi wa kifo hautamdhuru kwa sababu patakuwa na ushahidi wa wabeba bunduki na dereva. Haulizi waliona nini. Anajua kabla kwamba ushahidi wao utaokoa. Ndiyo kanuni ya mwaka 1908.

5. Filamu ya mwaka 1947 na Zilizofuata

Katika filamu Gregory Peck ni Wilson, Joan Bennett ni Margaret na Robert Preston ni Macomber. Masimulizi yanaanza mwishoni: maiti inaletwa Nairobi, na yaliyotangulia yanaelezwa kwa mbinu rejeshi. Mbinu hii inaipa filamu sura ya upelelezi ambayo hadithi haikuwa nayo. Hata hivyo kanuni za maadili zilizoitawala Hollywood wakati huo hazikuruhusu uzinzi uonekane kuwa na tija. Wilson yule mkavu, anayebeba kitanda kipana safarini kwa ajili ya wake za wateja, amegeuzwa kuwa mpenzi wa kweli, na filamu inakoma Margaret anapokwenda kukabili uchunguzi wa kifo, bila hukumu kuonyeshwa.

Mabadiliko hayo yana athari moja kubwa. Kitisho kinapogeuzwa kuwa mapenzi, haja ya shahidi inapungua. Katika hadithi watumishi walikuwa angalau hatari iliyonyamaza. Katika filamu wanakaribia kuwa mandhari, sawa na twiga na machweo.

Filamu nyingine zilizomrudia Patterson zilifuata njia tofauti. Bwana Devil ya mwaka 1952, iliyosifika kwa ufundi wa picha za pande tatu, ilichukua neno la Kiswahili katika jina lake na kuacha Waswahili nje ya kisa. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyopigwa Afrika Kusini na si Tsavo, ilimpa Mwafrika Samuel, aliyeigizwa na John Kani, kazi ya msimulizi. Hiyo ni hatua. Hata hivyo Samuel amepewa sauti ili ausifu ushujaa wa Patterson wa mwaka 1898. Patterson wa mwaka 1908 hayumo. Kata imeruhusiwa kusema juu ya maji, si juu ya mtungi.

6. Kata Inaposema: Mfano wa Riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili imeutazama uhusiano huu kutoka upande wa pili. Katika Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Idi ni kijana anayemtumikia tajiri Mwinyi, na anaigeuza tamaa ya bwana wake kwa Bahati kuwa mtaji wake mwenyewe. Mwandishi hamsifu Idi. Anamwonyesha akiharibika kwa kiu ileile iliyomharibu bwana. Jambo la maana ni kwamba mtumishi hapa ana akili, tamaa, hesabu na hatia. Anajua, na kujua kwake kunasukuma msuko mzima. Hemingway alijua kwamba watumishi wanajua, akaishia hapo. Mohamed alianzia pale Hemingway alipoishia.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba The Macomber Affair ni kituo kimoja katika safari ndefu ya ushahidi ulioanza kupotea Tsavo mwaka 1898. Katika kila kituo wapo walioona, na katika kila kituo ushahidi wao umeitwa pale tu ulipomfaa mwenye bunduki. Mhakiki anayeishia kwenye swali la kama Margaret alikusudia kuua anaendelea kukaa katika meza ya Wilson, akihudumiwa na watu asiowatazama.

Kwa mwanafunzi anayetoka Voi, Mwatate au Taveta suala hili si la mbali. Tsavo anayoisoma vitabuni ina shujaa mmoja na simba wawili. Nyumbani kwake huenda ina majina mengine. Waliokuwapo hawapo tena, lakini vitukuu vyao wapo, na masimulizi ya koo hayajafutika yote. Idara za fasihi zinao wajibu wa kuyakusanya kabla hayajafuata majina yale ambayo rejista ya reli haikuyaandika. Huenda kata haitatuambia nani alifyatua risasi. Inaweza kutuambia jinsi ilivyokuwa kuusikia mlio wake gizani, kisha kuamriwa asubuhi kufunga mizigo na kuendelea na safari.