Kutoka Berlin hadi Trieste: Wana wa Sayyida Salme Safarini na Mama Yao

Julai 1885 mjane mmoja aliondoka Berlin kwa treni pamoja na wanawe watatu: Antonie, aliyekuwa na umri wa miaka 17, Rudolph Said, miaka 16, na Rosalie, miaka 15. Walipita Breslau na Vienna hadi bandari ya Trieste, wakapanda meli ya kuelekea Misri. Kwa Wajerumani mama huyo alikuwa Emily Ruete. Unguja, alikozaliwa mwaka 1844, alijulikana kwa jina la Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Said bin Sultan aliyetawala Muscat na Zanzibar kwa pamoja.

Safari hiyo imezoeleka kutazamwa kwa jicho la siasa, na si bila sababu. Meli ya Adler iliyowafikisha Unguja ilitumwa na serikali ya Ujerumani, na mwezi huohuo wa Agosti manowari za Bismarck zilitia nanga mbele ya mji ili kumshurutisha Sultan Barghash ayakubali madai ya Wajerumani barani. Madai ya Salme ya urithi yaliifaa Ujerumani kama silaha ya akiba. Barghash, ndugu yake kwa baba, alikataa kumpokea, naye akarudi Ulaya bila haki aliyoifuata.

Hata hivyo, kabla ya manowari kulikuwa na behewa la treni, na ndani yake mzazi na watoto wake. Salme alikuwa ameijua reli kwa msiba. Mwaka 1867, baada ya kubatizwa na kuolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alisafiri kwenda Ujerumani na mtoto wao mchanga. Mtoto huyo alifia njiani, nchini Ufaransa. Mwaka 1870 mumewe naye akafariki kwa ajali ya tramu, mtoto wa mwisho akiwa na miezi michache tu. Tangu hapo mjane huyo alihama na wanawe mji baada ya mji, akiwamo Dresden, Rudolstadt na Berlin.

Katika miji hiyo yote mgeni alikuwa mama. Watoto walizaliwa ndani ya Kijerumani. Yeye alikiingia akiwa mtu mzima. Ada ya safari ni mzazi kuijua njia na mtoto kuuliza, lakini kwao mambo yalikuwa kinyume. Njia ya Trieste ndiyo iliyourudisha mpango huo mahali pake: kila stesheni iliyopitwa ilimsogeza mama karibu na kwao, na kuwatia watoto ugenini. Kwa mara ya kwanza wangemwona mama yao akiwa mwenyeji.

Mkasa huu haushangazi Wattaya, wala mitaa mingine ya Muscat ambako Kiswahili kingali kinasikika majumbani. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zilitoka Afrika Mashariki kwenda Oman, nchi ya mababu. Wazazi wengi walifika na nasaba ya Kiomani na ulimi wa Kiswahili. Watoto waliosoma huko wakakimudu Kiarabu upesi kuliko wao, na mara nyingi mtoto ndiye aliyemsemea mzazi ofisini. Kurudi kwao kulikuwa pia kuingia ugenini.

Salme alifariki Jena mwaka 1924. Miaka mitano baadaye Rudolph Said, aliyekuwa ameliunganisha jina la babu yake na ukoo wa Ruete, alichapisha London kitabu cha maisha ya Said bin Sultan. Babu huyo alifariki baharini mwaka 1856, akitoka Muscat kwenda Zanzibar, miaka 13 kabla mjukuu hajazaliwa. Mjukuu alikiandika kitabu hicho kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya mama yake wala ya baba yake. Urithi ambao mama aliukosa kwa Barghash, mwana aliudai kwa kalamu.